Jinsi ya kutetea mwendo wa 30 mtaani kwako: mwongozo wa dereva wa bajaji

Naendesha bajaji Temeke, na ni katibu wa kijiwe chetu. Natetea mwendo usiozidi kilomita 30 kwa saa kwenye barabara za mitaa, mbele ya shule, zahanati na masoko, na natetea matuta yaliyojengwa kitaalamu. Wazazi hufurahi kusikia hivyo, na baadhi ya madereva wenzangu hukasirika. Nawaandikia wote wawili, kwa sababu nimeona jinsi mjadala huu unavyoharibika unapoachwa mpaka siku ya msiba.

Kila mkazi wa Dar es Salaam anaujua mtiririko wake. Mtoto anagongwa. Kabla damu haijakauka wananchi wamefunga barabara kwa mawe na matairi wakidai matuta. Polisi wanafika, kiongozi anafika, ahadi inatolewa. Usiku vijana wanamwaga kifusi katikati ya barabara na kukiita tuta. Lina makali kama ukingo wa ngazi, halina rangi wala kibao, na bodaboda wa kwanza asiyelijua anaanguka nalo. Mvua za masika zikija linabaki shimo. Walioongoza maandamano wamechoka, na madereva waliopasua shokapu hawataki tena kulisikia neno tuta.

Kwa hiyo anza mapema, mtaa ukiwa umetulia. Hapa chini naeleza ninavyofanya, na ninavyowashauri watu wa mitaa jirani wanaponiuliza.

Jua barabara ni ya nani

Barabara kuu na za mkoa zinasimamiwa na TANROADS. Barabara za wilaya, pamoja na karibu zote za mitaani, ziko chini ya TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017. Muulize mtendaji wa mtaa kabla hujaandika chochote, kwa sababu kila barabara ina mambo unayoweza kuyaomba na mengine ambayo hutapewa. Ukidai matuta kila hatua mia kwenye barabara kuu inayopitisha malori ya bandarini, utajibiwa kwamba haiwezekani, na mkutano utakuwa umekufa hapo hapo. Kwenye barabara ya aina hiyo omba kivuko chenye kisiwa katikati, ili mtu avuke nusu, asimame salama, kisha amalizie. Omba rasta, vile vituta vidogo vinavyofuatana, kabla ya eneo la shule, taa za wavukao, na uzio unaowaelekeza watoto kwenye kivuko. Kwenye barabara ya mtaa unaweza kuomba karibu kila kitu nitakachokitaja.

Jambo la pili la kulijua ni sheria. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Watu wengi mkutanini, madereva wakiwemo, wanadhani pasipo na kibao hakuna kikomo. Anza kwa kuwasomea hilo. Mara nyingi nusu ya mabishano huisha, kwa sababu watu hugundua kwamba magari yanayowatisha tayari yanavunja sheria iliyopo, na kwamba unachoomba ni kushuka kutoka 50 hadi 30 kwenye kipande kinachojulikana: kuanzia geti la shule hadi kona ya msikiti, tuseme. Taja mwanzo na mwisho wa kipande chako. "Mtaa mzima" ni ombi ambalo mhandisi hana pa kulianzia.

Pima kabla ya kusema

Ukisema "magari yanakimbia sana", mwenzako atasema "hayakimbii", na mtabishana hadi saa ya swala. Njoo na namba.

Unahitaji futi kamba ya fundi, chaki na simu. Pima mita 50 kando ya barabara, mahali magari yanapokwenda bila kusumbuliwa na kituo wala makutano. Weka alama mwanzo na mwisho. Kaa pembeni, si mbele ya watu, kwa sababu dereva akimwona mtu na daftari anapunguza mwendo akidhani ni trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo. Gari likivuka alama ya kwanza anza kuhesabu kwa saa ya simu. Likivuka ya pili, simamisha. Kisha chukua 180 ugawanye kwa sekunde ulizopata. Sekunde 6 ni kilomita 30 kwa saa. Sekunde 3.6 ni kilomita 50. Sekunde 2.5 ni kilomita 72, na usishangae ukiipata mbele ya shule.

Kidole kinaweza kuchelewa, kwa hiyo njia bora zaidi ni kurekodi video kutoka mahali zinapoonekana alama zote mbili, kisha kuhesabu nyumbani ukiirudisha polepole. Andika aina ya chombo kila mara: gari dogo, daladala, lori, bajaji, bodaboda. Pima saa za watoto kwenda na kutoka shule, halafu pima saa nne asubuhi na saa tatu usiku, barabara inapokuwa nyeupe. Usipime wakati wa foleni. Foleni itakupa namba ndogo, na mpinzani wako ataitumia.

Ukipata vyombo mia, vipange kuanzia wa polepole hadi wa kasi kuliko wote na umtazame wa 85. Wahandisi wa barabara hutumia mwendo huo kujua barabara inaendeshwaje kwa kweli. Ukimwambia mhandisi wa TARURA, "Wa 85 kati ya mia anakwenda 58 mbele ya geti la shule," atakuuliza ulipima vipi. Mwonyeshe daftari. Kuanzia hapo mnazungumza kama watu wawili wanaoijua barabara moja.

Hesabu pia watu wanaovuka na mahali wanapovukia. Mara nyingi zebra imechorwa sehemu moja na watoto wote wanavuka mita arobaini kutoka hapo, kwa sababu geti liko huko au uchochoro unatokea huko. Hilo likionekana kwenye karatasi, hakuna atakayesema watoto ni watukutu.

Hesabu mbili za kuzishika kichwani

Ya kwanza ni ya breki. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja kati ya kuona hatari na kukanyaga breki. Kwa mwendo wa 30, sekunde hiyo inakula mita 8, na breki nzuri kwenye lami kavu zinakula nyingine 5: jumla mita 13. Kwa mwendo wa 50, sekunde hiyo hiyo inakula mita 14, na breki zinakula 14 nyingine: jumla 28. Sasa mweke mtoto mita 13 mbele. Aliyekuwa 30 amesimama. Aliyekuwa 50 bado hajagusa breki, na anampiga kwa mwendo wake wote. Pima mita hizo 13 na 28 kwa hatua mbele ya wajumbe, nje ya ofisi ya mtaa, na umsimamishe mtu kila alama. Nimeona wazee waliokuwa wanapinga wakikaa kimya baada ya kuangalia ule umbali. Na hayo ni kwa tairi zima na lami kavu. Tairi kipara siku ya mvua ni habari nyingine.

Ya pili ni ya muda, na hii ni ya madereva. Kipande cha shule chenye mita 300 unakipita kwa sekunde 22 ukiwa 50, na sekunde 36 ukiwa 30. Tofauti ni sekunde 14. Dereva anayepita hapo mara ishirini kwa siku anapoteza chini ya dakika tano kwa siku nzima. Mwambie hivyo bila kumdhihaki, kwa sababu hofu yake ni ya kweli: ana hesabu ya kumpelekea mwenye chombo jioni, na kila safari ina thamani. Akizipiga mwenyewe kwa kalamu yake ataziamini kuliko ukimwambia wewe.

Shirika la Afya Duniani linasema wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia 1, hatari ya ajali yenye kifo inapanda kwa takriban asilimia 4. Namba hiyo ni nzuri kwa barua. Kwa mkutano, tumia hatua za miguu.

Watakayokuambia, na namna ya kuwajibu

"Matuta yanaharibu magari na yanawaumiza wajawazito." Usikane. Matuta mabovu yanafanya yote mawili. Mimi hubeba akina mama kuwapeleka kliniki, na najua tuta lipi nilipite kwa kulikata upande. Sema wazi kwamba unapinga matuta ya kifusi kuliko wao wanavyoyapinga. Kisha eleza tuta zuri likoje, maana wengi hawajawahi kuelezwa. Tuta la kitaalamu la mviringo lina urefu wa kama mita 3.7 kwa mwelekeo wa gari, na kimo kisichozidi sentimita 10 katikati. Palipo na mabasi mengi hushushwa hadi 7 au 8. Gari linalipanda taratibu na kulishuka taratibu, na kwa mwendo wa 25 au 30 abiria hasumbuki. Tuta fupi la mita moja lenye kimo hicho hicho linamrusha hata anayekwenda polepole, ilhali gari zito linalokuja kwa kasi sana springi zake hulimeza. Linamwadhibu mtiifu na kumwachia mkorofi. Madereva wakisikia hayo kutoka mdomoni mwako wanajua hukuja kuwakomoa.

"Foleni itaongezeka." Foleni ya Dar hutokea kwenye makutano, kwenye vituo na palipojaa magari. Saa za foleni wastani wa mwendo wetu haufiki hata hiyo 30. Kikomo hiki kinafanya kazi saa nne asubuhi na usiku, barabara inapokuwa wazi. Mtu anayekimbia mita 300 ili akasimame nyuma ya foleni ile ile hajawahi kufika kabla yangu, na madereva wanalijua hilo vizuri.

"Wafundisheni watoto kuvuka." Hili husemwa na wazee, na linahitaji heshima. "Shikamoo mzee. Ni kweli, na tunawafundisha: tazama kulia, kushoto, kulia tena. Ila mzee wangu, mtoto wa darasa la kwanza kimo chake hakifiki paa la gari lililoegeshwa. Haoni na haonekani. Na hata akiona, hajui bado kukadiria gari liko umbali gani na linakuja kwa mwendo upi." Usimalize kwa kumshinda mzee hadharani. Muombe awe upande wa kuwafundisha, na wewe ubaki na barabara. Mambo haya mawili hayagombani.

"Hiyo 30 itakuwa mtego wa tochi." Hoja hii ni nzito kuliko zote kwa madereva, na wanaharakati wengi huipuuza. Dereva amekwisha kuona kibao cha mwendo mdogo kimewekwa kwenye barabara pana, nyeupe, isiyo na nyumba, na askari nyuma ya mti. Kwake kibao ni njia ya kumtoa fedha. Ukimwambia "fuata sheria tu", umempoteza. Jibu langu ni makubaliano, na nayapendekeza kwa kila mtaa: kibao cha 30 kisiwekwe mahali ambapo barabara yenyewe bado inamwita dereva akimbie. Kwanza barabara ijengwe ionekane ya 30, yaani iwe nyembamba, iwe na kivuko kilichoinuliwa, nguzo pembeni na njia ya miguu, kisha kibao kithibitishe kile ambacho macho tayari yameona. Mahali kama hapo tochi haina mengi ya kukamata, na tuta halichagui gari la mkubwa wala la mdogo, saa sita mchana wala saa sita usiku.

Daladala wana lao, na hawalisemi mkutanini. Wanakimbizana kugombania abiria wa kituo cha mbele. Dereva mmoja akipunguza peke yake, mwenzake anamchukulia abiria. Nenda kijiweni au kituoni, si mkutanini, ukaongee na dereva na konda wake hivi: "Kaka, tuta litakapojengwa, anayekukimbiza naye atapunguza. Hakuna atakayekupita hapo." Wengi hutulia wakielewa kwamba kinachopungua ni mwendo wa wote. Ongeza jambo lingine ambalo kila dereva analifahamu: ukimgonga mtu, chombo kinalala kituo cha polisi hadi kikaguliwe, na bosi anataka hesabu yake. Hizo sekunde 14 zinajionyesha ni ndogo kiasi gani.

Wenye maduka huogopa kupoteza maegesho. Wasikilize mmoja mmoja, dukani kwao. Mara nyingi kinachowaumiza ni kwamba wateja wa ng'ambo ya pili hawavuki. Genge likiwa upande huu na kivuko salama kipo, mama wa ng'ambo anamtuma hata mtoto.

Kuhusu gari la wagonjwa na zimamoto, kuwa mkweli: kila tuta linawachelewesha sekunde kadhaa. Kama kipande chako ndiyo njia yao ya kawaida, omba tuta lililokatwa vipande, ambalo gari pana hupita vipande vikiwa katikati ya matairi yake huku gari dogo likilazimika kupanda. Ila Temeke yetu imejaa pikipiki, na bodaboda watapenya kwenye mianya bila kupunguza hata kidogo. Kwa hiyo kwenye mitaa mingi napendelea tuta linalofika kingo zote mbili, na nguzo za zege pembeni ili bodaboda asihamie kwenye njia ya waenda kwa miguu. Hapa pana uchaguzi mgumu, na ni bora wananchi wauone ulivyo.

Kisha atasimama msomi mmoja aseme haya ni mambo ya Ulaya. Mjibu kwa Dar es Salaam kwanza. Shirika la Amend limekuwa likikagua mazingira ya shule za msingi hapa jijini na katika nchi nyingine za Afrika kwa mpango unaoitwa SARSAI, kisha likifanya mambo madogo ya gharama nafuu: njia za miguu, matuta, vivuko, vibao, nguzo, na pengine kuhamisha geti la shule kutoka barabara yenye magari mengi kwenda uchochoro wa pembeni. Utafiti uliolinganisha maeneo ya shule yaliyofanyiwa kazi na ambayo bado ulikuta kiwango cha watoto wanaoumia kimeshuka kwa angalau asilimia 26. Mwaka 2019 mpango huo ulishinda tuzo ya WRI Ross kwa ajili ya miji, ukishindana na kazi za miji mingine mikubwa duniani. Kwa hiyo hili limekwisha kufanyika hapa, kwa zege letu na mvua zetu.

Kama bado anataka Ulaya, mpe ya kweli, tamu na chungu. Mji wa Graz kule Austria uliweka 30 kwenye mitaa yake yote isiyo barabara kuu tangu 1992, na haujarudi nyuma. Uhispania ilifanya hivyo nchi nzima Mei 2021 kwa barabara za mijini zenye njia moja kila upande. Wales nayo ilishusha kikomo cha kawaida cha makazi hadi maili 20 kwa saa, kama kilomita 32, mwezi Septemba 2023, na watu karibu laki nne na elfu sabini wakatia saini kupinga. Serikali yao ikalazimika kuziruhusu halmashauri zirudishe mwendo wa zamani kwenye baadhi ya barabara. Naitaja Wales kwa makusudi. Kule kikomo kilibadilika kwenye maelfu ya barabara kwa siku moja, na nyingi zilibadilishwa kwa vibao tu huku zenyewe zikibaki kama zilivyokuwa. Sisi tuanze na kipande kimoja ambacho wakazi na madereva wamekitembea pamoja.

Omba kitu chenye vipimo

Mbele ya geti la shule, ombi langu la kwanza huwa kivuko kilichoinuliwa: tuta bapa juu, pana mita tatu au zaidi, zebra ikichorwa juu yake, usawa mmoja na njia ya miguu. Mtoto anaonekana zaidi, gari linapunguza pale pale anapovuka, na mwenye kiti cha magurudumu anavuka bila kushuka wala kupanda. Ili mwendo ubaki 30 kwenye kipande kizima, matuta yawe kati ya mita 60 na 100 kutoka moja hadi jingine. Yakiwa mbali zaidi, dereva anakanyaga mafuta katikati na kelele za kuongeza gia zinawakesha wenye nyumba.

Usisahau maji. Tuta lililojengwa bila kufikiria mtaro linageuka bwawa msimu wa masika, na barabara inabomoka kuanzia hapo. Dai mtaro upite chini au pembeni. Dai rangi inayong'aa usiku na kibao kabla ya tuta la kwanza, na tuta hilo la kwanza lisiwe mara tu baada ya kona. Kwenye barabara ya vumbi, tuta la udongo halimalizi mwaka; omba kipande cha vitofali vya zege mbele ya shule, hata kama sehemu nyingine inabaki vumbi.

Na usiombe matuta tu. Barabara pana humfanya dereva akimbie bila kujua. Kuipunguza upana kwa nguzo na njia ya miguu, kuweka kipilefti kidogo kwenye makutano ya mitaa, hata kupanga bodaboda waegeshe upande unaojulikana badala ya kuziba macho ya anayevuka: yote hayo yanapunguza mwendo, na mengine hayahitaji hata lori moja la zege. Geti la shule kuhamishiwa upande wa pili linaweza kuamuliwa na kamati ya shule mwezi huu.

Mkutano, kisha barua

Kabla ya mkutano wa mtaa, tembea barabara hiyo na watu watano au sita: mwalimu, mzazi, dereva wa kijiweni, mwenye duka, mtu mwenye ulemavu, na mjumbe wa serikali ya mtaa. Mtembee saa ya watoto kutoka shule. Watakaposimama mkutanini wanazungumza walichokiona, na wewe utakuwa na kazi ndogo.

Muombe mwenyekiti aliweke jambo hili kwenye ajenda. Likiingizwa kwenye "mengineyo" litajadiliwa watu wakiwa wanaondoka. Zungumza kwa kifupi. Namba ulizopima, hatua zako za mita 13 na 28, kipande chako, ombi lako. Kisha kaa, waache madereva waseme kwanza. Mtu aliyesikilizwa hadi mwisho hupunguza sauti. Kama msiba umetokea karibuni, waombe wafiwa ruhusa kabla ya kumtaja mtoto wao, na wakikataa usimtaje.

Hakikisha muhtasari umeandika uamuzi na umepigwa mhuri. Barua ipite kwa serikali ya mtaa na mtendaji wa kata, ijadiliwe kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani, iende kwa meneja wa TARURA wa wilaya au TANROADS mkoa, nakala kwa mkuu wa usalama barabarani wa wilaya. Ambatisha muhtasari, jedwali la vipimo, picha, na mchoro wa mkono unaoonyesha geti, kivuko na mahali watoto wanapovukia hasa. Ukurasa mmoja wa barua unatosha. Bajeti za barabara hupangwa kabla ya Julai mwaka wa fedha unapoanza, kwa hiyo barua inayofika mwishoni mwa mwaka wa kalenda ina nafasi kubwa kuliko inayofika Mei. Peleka nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, na urudi kuuliza. Rudi tena.

Zege likishakauka

Wengi huishia kwenye uzinduzi. Subiri kama mwezi madereva wazoee, kisha rudi na futi kamba yako, kwenye alama zile zile, saa zile zile. Pima na mtaa wa pili pia, kwa sababu baadhi ya magari yatahamia huko kukwepa matuta, na majirani wa huko wana haki ya kujua kabla hawajagundua wenyewe. Kama wa 85 bado yuko juu ya 40, tuta ni la chini mno au matuta yametengana mno. Mpelekee mhandisi namba hizo aje aongeze moja katikati. Kama madereva wanasema tuta linawapiga hata wakiwa 20, lipime kwa futi kamba na ubao ulionyooka. Likiwa na kimo cha sentimita 14, madereva wana haki, na barua ya kudai lirekebishwe iandikwe na watu wale wale waliolidai, wa kwanza kutia saini akiwa mzazi. Rangi ipakwe upya kabla ya kila masika. Kwenye kijiwe chetu tunachangishana kopo la rangi nyeupe sisi madereva, na tunapaka usiku magari yakiwa machache, mmoja wetu akisimama mbele na tochi.